Mbio Ndefu Mara Moja kwa Wiki: Ushauri kwa Mkimbiaji wa Kambini



Ukifika Kampala, iwe kwa matibabu, kwa kufuatilia hati zako au kwa kumtembelea ndugu, huenda ukapita katika kilima cha Nakasero. Chini yake kuna soko linalojulikana kwa matunda na mboga. Juu yake kuna ikulu ndogo ya Rais. Katika mtaa huo huo kuna barabara inayoitwa Akii Bua, na Hospitali ya Nakasero iko kando yake. Wengi hupita hapo bila kuuliza Akii-Bua alikuwa nani. Ninyi mnaokimbia kila alfajiri mnapaswa kumjua.

John Akii-Bua alikuwa askari polisi wa Uganda. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alishinda mbio za Olimpiki za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki, na nchi ilingoja miaka 40 kuipata ya pili. Mwaka 1979, vita vilivyomwondoa Idi Amin vilipofika, Akii-Bua aliikimbia nchi yake na akajikuta katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Baadaye alikwenda Ujerumani, na mwaka 1980 alishiriki tena Olimpiki, mjini Moscow. Alirudi nyumbani na kufariki mwaka 1997.

Katika lugha yetu, mkimbizi na mkimbiaji ni maneno ya shina moja. Mmoja hukimbia kwa kukosa budi, mwingine kwa kupenda. Akii-Bua alikuwa yote mawili, na wengi wenu pia.

Makala hii inajibu swali ambalo mkimbiaji yeyote wa masafa marefu hujiuliza: mbio ndefu nizikimbie mara ngapi kwa wiki, na niziweke wapi kati ya kazi zangu nyingine? Jibu kwa kifupi ni hili: mara moja tu, kwa mwendo wa polepole, na siku ambayo chakula kipo nyumbani. Tafadhali soma hadi mwisho ujue sababu zake.

MBIO NDEFU NI NINI?

Mbio ndefu ni zile unazokimbia kwa muda mrefu kuliko siku nyingine zote za wiki. Kwa anayeanza zinaweza kuwa dakika 50. Kwa aliyezoea zinaweza kufika saa mbili. Si mashindano, na si siku ya kumwonyesha jirani kwamba una kasi.

Ndani ya mwili mbio hizi zina kazi yake. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli. Mwili unajifunza kutumia mafuta yake na kubana akiba ya wanga. Akiba hiyo hukaa kwenye ini na kwenye misuli, na kwa mtu anayekimbia kwa bidii humtosha takriban saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha, miguu inakuwa mizito kama mawe, hata kama roho bado inataka.

Aliyeyafanya mazoezi haya yajulikane duniani ni kocha Arthur Lydiard wa New Zealand. Wanafunzi wake walikimbia takriban kilomita 35 kila Jumapili, hata yule wa mita 800. Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, wawili kati yao, Peter Snell na Murray Halberg, walipata dhahabu siku moja, mmoja katika mita 800 na mwingine katika mita 5,000.

KWA NINI MARA MOJA TU?

Vijana wengi hufikiri kwamba kama mbio ndefu moja inafaa, basi nne zinafaa mara nne. Sivyo. Mwili hauongezeki nguvu wakati wa kukimbia. Wakati huo unachoka na misuli inapata vijeraha vidogo. Nguvu huja baadaye, unapokula, unapokunywa na unapolala. Asiyepumzika anabomoa bila kujenga.

Waangalie walio bora kabisa. Stephen Kiprotich, mzaliwa wa Kapchorwa hapa Uganda, ndiye aliyeleta ile dhahabu ya pili: marathoni ya Olimpiki ya London, tarehe 12 Agosti 2012, kwa saa 2:08:01. Alijiandaa Kenya pamoja na kundi la Eliud Kipchoge huko Kaptagat. Ratiba ya kundi hilo imeelezwa mara nyingi. Mbio ndefu zilikuwa Alhamisi, kilomita 30 wiki moja na 40 wiki inayofuata. Jumanne walikuwa uwanjani kwa kasi, na Jumamosi walibadilisha mwendo, haraka kisha polepole. Siku nyingine zilikuwa za mwendo mwepesi. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kukimbia, wanaokula wakashiba na kulala mchana. Hata wao waliweka mbio ndefu moja tu kwa wiki. Wewe unayechota maji na kulima, je?

MBIO NDEFU NI DENI

Hebu tufanye hesabu. Mtu hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia. Kijana wa kilo 60 akikimbia kilomita 12 anatumia takriban kilokalori 720. Hizo ni sawa na gramu 200 za unga mkavu wa mahindi. Akikimbia kilomita 20 anatumia takriban kilokalori 1,200, yaani zaidi ya gramu 300 za unga.

Sasa linganisha na mgao. Kiwango kamili cha chakula cha msaada hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kiwango hicho ni cha kuishi na kufanya kazi za kawaida. Hakikuwekwa kwa ajili ya mazoezi ya marathoni. Kilomita 20 peke yake hula zaidi ya nusu yake. Nasi sote tunajua kwamba tangu mwaka 2020 mgao hapa Uganda, wa chakula na wa fedha, umepunguzwa zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo kila mbio ndefu ni deni. Unakopa kutoka kwenye mwili wako, na deni hilo hulipwa kwa chakula, maji na usingizi. Ukilipa kabla ya kukopa tena, mwili unakuamini na unakua. Usipolipa, mwili utajilipa wenyewe: utakula misuli yako, utapunguza damu, utadhoofisha mifupa, na kinga yako dhidi ya maradhi itashuka.

Pia jiulize: ninapokula zaidi ili nikimbie, nani nyumbani anakula kidogo? Kama sahani yako inaongezwa kwa kupunguza ya mdogo wako, mbio hizo ni ndefu mno. Zipunguze. Hakuna aibu katika hilo.

KAZI ZA NYUMBANI NAZO ZINAHESABIKA

Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa watu wanaofungua bomba na maji yanatoka. Wewe unabeba jerikani. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Ukiibeba kutoka kisimani mara tatu, umefanya mazoezi ya nguvu, hata kama hukuvaa viatu vya kukimbia. Kulima nusu siku ni mazoezi. Kwenda msituni kutafuta kuni ni mazoezi. Kusimama kwenye foleni ya mgao tangu asubuhi kunachosha miguu kuliko unavyodhani.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kupanga mbio zako andika kwanza kazi zako za wiki. Siku ya kulima isiwe siku ya mbio ndefu. Siku ya mgao pia isiwe, lakini siku inayofuata inafaa sana, kwa kuwa unga upo na maharagwe yapo. Ukipata kibarua cha ghafla Jumamosi, ihesabu kazi hiyo kuwa ndiyo mazoezi yako, na mbio ndefu ziahirishe. Wiki moja ikipotea haiharibu kitu.

MFANO WA RATIBA YA WIKI

Ratiba hii ni ya mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, ambaye tayari anaweza kukimbia dakika 40 bila kusimama. Tunatumia dakika badala ya kilomita, kwa kuwa njia zetu hazijapimwa.

Jumatatu: dakika 40, mwendo mwepesi.
Jumanne: kupumzika kukimbia. Siku ya shamba au kazi nzito.
Jumatano: dakika 45. Katikati yake weka dakika moja ya haraka na dakika mbili za polepole, mara nane.
Alhamisi: dakika 35, mwendo mwepesi.
Ijumaa: kupumzika. Kunywa maji, kula vizuri, lala mapema.
Jumamosi: mbio ndefu, dakika 60.
Jumapili: kupumzika kabisa.

Jumla ni saa tatu kwa wiki, na mbio ndefu ni theluthi yake. Huo ni uwiano mzuri. Mbio ndefu zikiendelea kukua uwiano utapanda kidogo, lakini zisifike nusu ya mbio zote za wiki. Ukiona zinakaribia nusu, ongeza kwanza dakika tano tano katika siku za mwendo mwepesi.

Anayesali Jumamosi ahamishie mbio ndefu Jumapili, na Jumatatu iwe siku yake ya kupumzika. Jambo la muhimu ni kwamba siku moja kabla na siku moja baada ya mbio ndefu ziwe nyepesi au za mapumziko.

Jinsi ya kuongeza: wiki ya kwanza dakika 60, ya pili 70, ya tatu 80, kisha ya nne urudi 60 ili mwili upumue. Mzunguko unaofuata: 75, 85, 95, kisha 70. Baada ya hapo: 90, 105, 120, kisha 80. Kwa mwendo huu, katika muda wa miezi mitatu utakuwa umejiandaa kwa nusu marathoni, yaani kilomita 21. Hatukushauri ujaribu marathoni kamili ya kilomita 42 huku ukitegemea mgao peke yake. Subiri hadi uwe na chakula cha uhakika.

SIKU YENYEWE: HATUA KWA HATUA

1. Jioni kabla ya siku hiyo kula chakula kinachoshibisha: posho au bugali, maharagwe, na mboga kama dodo au sombe. Ukilala na njaa, mbio za kesho usizikimbie.

2. Lala ndani ya chandarua. Mbu waenezao malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na anayeamka saa kumi na moja kufanya mazoezi anatoka wakati bado wapo. Ni vyema ungoje hadi kupambazuke.

3. Kunywa kikombe cha uji wenye sukari kidogo saa moja kabla ya kuanza. Chakula kizito kinahitaji saa mbili hadi tatu tumboni.

4. Chagua njia ya mzunguko inayopita karibu na nyumbani kila baada ya dakika 20 hivi. Weka mlangoni chupa ya maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Ukijisikia vibaya hutakuwa mbali, na familia itajua uko wapi.

5. Kimbia polepole. Kipimo ni mdomo wako: uweze kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi. Usipoweza, punguza mwendo. Kama huna mwenzako, sema peke yako. Watoto watacheka, lakini utakuwa umepima vizuri.

6. Kunywa unaposikia kiu. Usijilazimishe kunywa maji mengi kupita kiasi, kwa kuwa hilo nalo lina hatari. Kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu, au siku ya jua kali, unaweza kutengeneza kinywaji chako: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe juu, visiwe na kilima. Ni kinywaji kile kile anachopewa mgonjwa wa kuhara asikaukiwe na maji.

7. Ukimaliza, tembea dakika tano hadi kumi. Kisha kula ndani ya saa moja. Usingoje chakula cha jioni. Ndizi na karanga, kiazi kitamu na maharagwe, au posho iliyobaki jana na parachichi, vyote vinafaa.

8. Mara mbili au tatu kwa wiki tafuta chakula chenye madini ya chuma ili kulinda damu: dagaa au mukene, maharagwe, mboga za majani. Kula pamoja na chungwa, embe au nyanya, kwa kuwa matunda haya huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai isinywewe pamoja na mlo. Ngoja walau saa moja, kwa sababu chai huyazuia.

KUHUSU VIATU

Rose Nathike Lokonyen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikimbia mbio za kilomita 10 kambini Kakuma bila viatu na akawa wa pili. Alihamishiwa Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi na kundi la Tegla Loroupe. Mwaka 2016 alikuwa mmoja wa wanariadha kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, mjini Rio de Janeiro, naye ndiye aliyebeba bendera. Kwa hiyo kukosa viatu si mwisho wa safari. Hata hivyo miguu mitupu inaumizwa na miiba, vioo na funza, na jeraha chafu linaweza kuleta pepopunda. Ukipata viatu vya mitumba, chagua vinavyokuacha vidole vikiwa huru, na usivianzishe siku ya mbio ndefu. Vitumie kwanza katika siku nyepesi kwa wiki mbili.

DALILI ZA DENI LISILOLIPWA

Acha mbio ndefu na umwone mhudumu wa afya ukiona mojawapo ya haya:

- Uzito unapungua na nguo zinakulegea.
- Unaamka umechoka kila siku, ingawa umelala.
- Mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani yamezidi kawaida yako kwa kumi au zaidi, siku tatu mfululizo. Yahesabu kwa dakika nzima ukiwa umelala.
- Mfupa wa mguu unauma mahali pamoja pale pale, hasa unapobonyeza kwa kidole. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.
- Mafua yasiyoisha, au vidonda vya mdomoni vinavyorudi.
- Kope za ndani na viganja vimepauka, unahema hata kwa kupanda mteremko mdogo.
- Kwa wanawake, hedhi imekosekana miezi mitatu bila ujauzito.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kuzimia ukiwa unakimbia, simama mara moja na upelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiwa na homa, usikimbie hata kidogo: nenda ukapimwe malaria. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu, hata kama unajisikia na nguvu.

KWA WASICHANA NA AKINA MAMA

Kukimbia si kwa wanaume peke yao. Hata hivyo mbio ndefu zinakupeleka mbali na nyumbani, na usalama wako unakuja kwanza. Kimbieni wawili au watatu, mchana kweupe, kwenye njia ya mzunguko iliyo karibu na watu. Mwambie mtu wa nyumbani saa ya kurudi. Mtu akikutisha au akikudhuru njiani, kosa si lako wala si la mbio zako. Mweleze mhudumu wa afya au afisa wa ulinzi, nawe utasikilizwa kwa siri.

Mama mjamzito aongee kwanza na mkunga. Mbio ndefu zinaweza kungoja. Mama anayenyonyesha anaweza kukimbia taratibu, lakini maziwa peke yake yanahitaji takriban kilokalori 500 za nyongeza kila siku. Kama chakula hicho cha nyongeza hakipo, atembee badala ya kukimbia.

KUKIMBIA ILI USAHAU

Tuseme jambo moja waziwazi. Wako kati yetu wanaokimbia saa mbili kila siku, na si kwa ajili ya mashindano. Wanakimbia ili wachoke, wapate kulala bila kuota waliyoyaona njiani. Tunawaelewa. Mazoezi husaidia moyo uliojeruhiwa, na ni vyema uendelee nayo. Lakini uchovu si dawa ya kumbukumbu. Mwili ukidhoofika, ndoto hurudi na nguvu zaidi. Ikiwa wewe ni mmoja wao, punguza mbio ziwe za wiki kama tulivyoeleza, kimbia na mwenzako badala ya kukimbia peke yako, na umtafute mshauri katika kituo cha afya. Kuongea kwako hakutamfanya mtu akuone mdhaifu.

MASWALI NA MAJIBU

Nimepona malaria. Lini nirudi kwenye mbio ndefu?
Maliza dawa zote kwanza, hata kama umepata nafuu. Homa ikiisha anza kwa kutembea, kisha mbio fupi nyepesi kwa wiki moja. Mbio ndefu zingoje walau wiki mbili, na uanze na nusu ya muda wa zamani. Ukiambiwa damu imepungua, fuata muda atakaokupa daktari.

Nifanyeje mwezi wa Ramadhani?
Usifanye mbio ndefu ukiwa umefunga. Kimbia dakika 20 au 30 nyepesi karibu na nyumbani muda mfupi kabla ya kufuturu, ili maji na chakula vifuate mara moja. Baada ya Idi rudi kidogo kidogo.

Naweza kutoa damu na bado nikakimbia?
Ndiyo, kama una afya na umekula vizuri. Makao makuu ya huduma ya damu ya Uganda yako hapo hapo Nakasero, na damu inayokusanywa huokoa akina mama wanaojifungua na watoto wenye malaria. Lakini usipange mbio ndefu wiki hiyo, wala usitoe damu katika wiki za mwisho kabla ya mashindano.

UKIENDA KAMPALA

Mbio kubwa za Kampala zilianza mwaka 2004 na kwa kawaida hufanyika Novemba. Zina masafa ya marathoni, nusu marathoni na mengine mafupi. Kwa miaka mingi wakimbiaji wameanzia katika uwanja wa Kololo, ng'ambo ya bonde la Kitante ukitokea Nakasero. Ikiwa unapanga kushiriki, mbio zako ndefu za mwisho ziwe wiki mbili au tatu kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo punguza, hata kama miguu inawasha.

Kampala ni mji wa vilima. Mkimbiaji aliyezoea njia tambarare za kambini atashangaa. Ukikaa mjini siku chache, Nakasero ni mahali pazuri pa kujifunza kilima. Nenda Jumapili asubuhi na mapema, kabla magari na bodaboda hazijajaa. Panda polepole kwa hatua fupi, na usione haya kutembea palipo pakali. Kuteremka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo teremka taratibu pia. Dakika 30 zinatosha, zisigeuke mbio ndefu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kutembea nchini. Pamoja na hayo beba kitambulisho chako hata unapokimbia, umwage kiongozi wa mtaa wako kabla ya kusafiri, na karibu na ikulu ndogo fuata maagizo ya walinzi bila kubishana. Ukishuka sokoni ukanunua ndizi na machungwa, utakuwa umelipa deni la asubuhi hiyo.

KUMBUKA

- Mbio ndefu ni mara moja kwa wiki, kwa mwendo wa kuongea.
- Zipange kwa kuangalia chungu, jerikani na jembe, ndipo uangalie saa.
- Siku moja kabla na moja baada yake ziwe nyepesi.
- Wiki ya nne rudi nyuma.
- Ukiwa na njaa, homa au maumivu ya mfupa, baki nyumbani.

Si wote watakaofika Olimpiki. Wengi wetu tutakimbia tu ili tuwe na afya, na hilo linatosha. Lakini mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye barabara ya Nakasero aliwahi kuishi kambini, na baada ya hapo alikimbia tena. Utunze mwili wako, ili siku ya kuuhitaji ikifika uwe bado nao.

Kwa ushauri zaidi mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako, au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.